Kukaza bolti za breki ya mbele nyumbani bila kuikata hata moja

Bolti ya kwanza niliyowahi kuikata ilikuwa ndogo, kichwa namba 14, moja kati ya zile mbili zinazoshika kalipa ya breki ya mbele, ile sehemu inayobana pedi kwenye diski. Ilikuwa Jumamosi, nimetandika kiroba uani kwetu Pasua, Moshi, pedi mpya zimeshakaa, kilichobaki ni kukaza tu. Nikakaza. Ikawa ngumu, nikaona vizuri. Nikaongeza, ikawa ngumu zaidi. Nikaongeza tena kidogo, ile ya kujiridhisha, na hapo ikalainika. Spana ikaenda bila ubishi, nikadhani ndiyo imekaa.

Jirani yangu, ambaye ni fundi, alikuwa anapita na ndoo ya maji. Akasimama, akaitazama spana, akasema: "Mangi, hiyo umeshaivuta kama bigijii."

Nikairudisha nyuma ili niitoe niione. Ikakatika. Nusu ikaja na spana, nusu ikabaki ndani ya pini, na gari likalala juu ya stendi mpaka Jumatatu.

Kubadili pedi zenyewe hakuna ugumu mkubwa. Mtu mwenye mikono miwili na subira anaweza. Panapoharibika ni pale mwisho, pa kukaza, kwa sababu wengi wetu tumejifunza kukaza kwa kuangalia fundi anavyokunja uso. Ndiyo maana mwongozo huu utapita haraka kwenye pedi na kukaa sana kwenye bolti. Ni wa breki za mbele za diski, kwa gari dogo la kawaida. Nyuma mara nyingi kuna dramu, na hiyo ni habari nyingine.

Bolti inashikaje

Tukikaza, tunadhani kinachoshika ni uzi. Uzi unasaidia, lakini kazi kubwa inafanywa na mvuto. Unapozungusha kichwa cha bolti, mwili wake unarefuka kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, na kwa kuwa chuma kinataka kurudi kwenye urefu wake, kinavibana vipande viwili pamoja. Ni kama springi iliyovutwa ikaachwa hapo. Ikivutwa kidogo mno haibani, na mitikisiko ya barabara itailegeza siku baada ya siku. Ikivutwa kupita kiasi inafika mahali haiwezi tena kurudi. Inabaki imerefuka, na kuanzia hapo unazungusha tu. Ule ulaini nilioupata mkononi ulikuwa huo.

Kuna jambo la pili ambalo lilinichukua muda kulielewa. Mkono hauhisi mvuto wa bolti, unahisi msuguano. Ukigawa nguvu unayotia kwenye spana katika mafungu kumi, takriban tisa yanaliwa na msuguano, chini ya kichwa cha bolti na kwenye uzi, na moja tu ndilo linaloivuta bolti. Kwa hiyo uzi wenye kutu na vumbi unakudanganya: spana inagoma mapema, unasema tayari, kumbe bolti haijavutwa. Uzi uliopakwa oili nao unadanganya, ila kwa upande mwingine. Unateleza, unaongeza na kuongeza, na bolti inavutwa kuliko ilivyopangwa ingawa spana inasoma kipimo kilekile. Vipimo vya kiwandani vya nati za tairi ni vya uzi safi na mkavu. Najua wako wanaopaka grisi kwenye stadi, zile bolti zinazoingia nati za tairi, ili nati zisishike kutu. Nia yao njema, lakini wanabadilisha hesabu bila kujua.

Namba zenyewe

Nguvu ya kukaza mafundi wanaiita toki, na inapimwa kwa Newton mita, kwa kifupi Nm. Maana yake ni nguvu unayotia ukizidisha na urefu wa mpini. Nichukue mfano wa Corolla ya miaka ya 2000, ambayo Moshi hii ukirusha jiwe utalipata bati lake:

Bolti mbili za kalipa, namba 14: Nm 34
Bolti mbili za braketi (chuma kinachobeba kalipa), namba 17: Nm 107
Skrubu ya kutolea upepo: Nm 8
Nati za tairi, namba 21: Nm 103

Hebu tazama mbili za kwanza. Zimekaa karibu karibu, unazigusa zote kwa kiganja kimoja, lakini moja inataka zaidi ya mara tatu ya mwenzake. Mimi Jumamosi ile niliipa ndogo haki ya kubwa.

Gari lako lina namba zake na zimo kwenye kitabu cha ufundi cha modeli hiyo. Zitafute kabla hujafungua chochote, uziandike kwenye karatasi, ubandike ukutani au kwenye kioo cha gari. Ile 103 ya nati za tairi ni ya Toyota ndogo nyingi. Magari makubwa yenye nati sita mara nyingi yanataka zaidi. Na baadhi ya magari ya Ulaya bolti za braketi hutumika mara moja tu: ukizifungua, unaweka mpya.

Angalia pia kipimo kimeandikwa kwa lugha gani. Vitabu vya zamani vya Kijapani vinatumia kilo kwa sentimita, kwa hiyo ukikuta 350, 1,090 na 1,050 usishtuke, ndizo zilezile 34, 107 na 103. Vya Kimarekani vinatumia futi na ratili: nati za tairi utaona 76. Spana nyingi za toki zina mistari miwili kwenye mpini, wa Nm na wa futi na ratili. Ukiweka 103 kwenye mstari wa futi na ratili umekaza karibu Nm 140, na utaenda kulala ukijua umefuata kitabu.

Zana, na mizani ya bucha

Spana ya toki ndiyo zana ya kazi hii. Ile ya kawaida, ya nusu inchi, inayolia "tik" ikifika kipimo, mara nyingi inaanzia Nm 40 kwenda 210. Inafaa braketi na nati za tairi. Haifai bolti za kalipa, kwa sababu 34 haimo kabisa kwenye mpini wake. Hapa watu wengi wanakosea: ananunua spana moja, anaishusha mpaka mwisho, anasema "hiyo hiyo tu." Kwa bolti ndogo tafuta spana ndogo inayoanzia Nm 5 au 10. Kama huna uwezo wa zote mbili, azima. Mafundi wenye spana ndogo wapo, ukimwachia kitu cha thamani na ukairudisha siku hiyohiyo hatakataa.

Na kama hujapata kabisa, kuna njia ya mizani. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano wanayopimia nyama au mizigo. Pima kutoka katikati ya bolti hadi mahali utakapotundika ndoano kwenye mpini wa spana. Gawanya Nm unazotaka kwa urefu huo kwa mita, halafu gawanya kwa 9.8, utapata kilo. Bolti ya kalipa ya Nm 34, ukitundika ndoano sentimita 25 kutoka katikati: 34 gawanya kwa 0.25 ni 136, gawanya kwa 9.8 ni kama kilo 14. Nati ya tairi ya Nm 103, kwa mpini wa sentimita 50, ni kilo 21. Vuta polepole, na mizani isimame pembe mraba na mpini muda wote. Ukivuta kwa kuinamisha, hesabu imeharibika.

Mara ya kwanza nilipofanya hivi watoto wa jirani walijaa uani wakidhani nauza nyama. Lakini nilijifunza kitu: kilo 14 kwenye mpini wa sentimita 25 ni kidogo kuliko nilivyowahi kufikiri. Ni kama kunyanyua ndoo ya maji isiyojaa vizuri. Mkono wangu ulikuwa umezoea kutia mara mbili au tatu ya hapo.

Sasa pima hii ya pili, utacheka kisha utaacha kucheka. Kijana wa kilo 75 akipanda juu ya spana ya tairi yenye mpini wa sentimita 40, anatia Nm 294. Nati inataka 103. Na huyo hajaruka bado.

Vitu vingine unavyohitaji: jeki na stendi zake, bokisi namba 14, 17 na 21, spana nyembamba namba 17, brashi ya waya, breki klina, grisi ya breki ya silikoni, kipande cha waya, klampu, kalamu ya rangi, na mawe manne mazito. Grisi ya kawaida ya kupaka chini ya gari usiitumie kwenye pini, inavimbisha mpira.

Kabla gari halijapanda juu

Tafuta mahali tambarare. Kwa sisi tunaokaa chini ya mlima hili si dogo. Nyua nyingi za Rau, Uru na Kibosho zimeinama. Kama uani kwako mpira unajiviringisha wenyewe, nenda kwa rafiki. Weka gia ya P, au gia ya kwanza kwa gari la manyo, vuta hendibreki, na uweke mawe nyuma na mbele ya matairi ya nyuma.

Legeza nati za tairi nusu mzunguko gari likiwa bado chini. Usitumie spana ya toki kulegezea, itaharibika kipimo. Kama nati hazitoki, usishangae: mara nyingi ni kazi ya bunduki ya upepo kule ulikoziba pancha mara ya mwisho. Mimi niliwahi kukuta nati moja imekazwa mpaka stadi ikageuka pamoja nayo, na sikuwa na wa kumlaumu zaidi ya mimi mwenyewe, niliyekaa kwenye benchi nakunywa soda wakati kijana anapiga bunduki. Siku hizi nasimama karibu na kumwambia: "Kaka, bunduki isogeze tu, nitamalizia mwenyewe kwa mkono."

Inua, weka stendi, tikisa gari kabla hujaingiza mkono. Jeki peke yake si ya kuamini. Toa tairi, na uliingize chini ya gari, ubavuni. Stendi ikiteleza, gari litaangukia tairi.

Kufungua na kuweka pedi

Fanya upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili. Ukichanganyikiwa, ule upande mwingine ndio kitabu chako.

Fungua bolti mbili za kalipa, namba 14. Kwenye Toyota nyingi, bolti hii imeingia ndani ya pini inayoteleza, na pini inaweza kuzunguka pamoja nayo. Shika pini kwa ile spana nyembamba. Nyanyua kalipa, itundike kwa waya kwenye springi ya shoki apu. Isining'inie kwa paipu yake ya mpira. Ndani ya paipu hiyo ndimo breki yako inamopita.

Toa pedi za zamani, fungua kifuniko cha chupa ya oili ya breki, na urudishe pistoni ndani taratibu kwa klampu. Angalia chupa wakati unasukuma, oili inapanda, na ikimwagika inakula rangi ya gari. Vumbi la pedi usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, lisafishe kwa breki klina na kitambaa.

Ukibadili diski pia, ndipo utakapofungua bolti za braketi, namba 17. Hizi zinakuwa ngumu. Hapa bomba la kurefusha mpini linaruhusiwa, kwa kufungua tu. Bolti ya paipu, ile yenye wosha mbili za shaba, usiiguse. Ukiifungua lazima wosha ziwe mpya na utoe upepo kwenye mfumo mzima, na leo hukuja kwa hilo.

Toa pini zote mbili, zifute, zipake grisi ya silikoni safu nyembamba, zirudishe. Zikiteleza kwa kidole, ziko sawa. Weka pedi mpya.

Kusafisha uzi

Sehemu hii ndiyo watu wanaiona ni urembo. Vumbi letu la mlimani ni laini kama unga, linaingia kila mahali, na mvua ikilishika linaganda. Chukua kila bolti, isugue kwa brashi ya waya mpaka uone mabonde ya uzi, ifute kwa breki klina. Iangalie kwa jua: uzi uliochubuka unaonekana kama meno yaliyolala. Bolti yenye kiuno, yaani iliyopungua unene sehemu moja, imeshavutwa kama ile yangu. Itupe. Spea yake ni ndogo kuliko hasara yake.

Kisha sugua habu, yaani kitovu cha chuma kinachobeba tairi, na mgongo wa rimu, pale vinapokutana. Gamba la kutu lililobanwa hapo linafanya diski ikae upande kidogo. Mwanzoni husikii kitu, baada ya miezi usukani unaanza kutetemeka ukikanyaga breki. Isitoshe, gamba likisagika ukiwa barabarani, ile nafasi iliyobaki inakuwa ya nati kulegea. Rimu iliyopakwa rangi nzito pale nati inapokalia ina tabia hiyohiyo.

Kukaza, moja baada ya nyingine

Anza kila bolti kwa vidole. Kila moja, bila spana, angalau mizunguko mitatu minne. Ikigoma kwa vidole, imeingia upande. Irudishe, uianze upya. Hakuna bolti iliyowahi kunyooka kwa kulazimishwa, na uzi wa ndani ukiharibika, hasara si ya bolti tena, ni ya braketi au ya nakili nzima, kile chuma kikubwa braketi inapofungwa.

Kama ulifungua braketi, anza nayo. Ingiza bolti zote mbili kwa vidole, zisogeze kwa spana ya kawaida mpaka zikalie, halafu weka spana ya toki kwenye Nm 107. Shika katikati ya kishikio, si kwenye shingo wala kwenye ncha. Vuta kwa mwendo mmoja, polepole, bila kushtua. Ikilia "tik", acha hapo hapo. Ile tabia ya kupiga tik, tik, tik kwa uhakika inaongeza; kila tik baada ya ile ya kwanza inasogeza bolti mbele kidogo. Kama ulisita katikati na spana ikasimama kabla haijalia, legeza robo mzunguko, uvute upya, maana chuma kilichosimama kinataka nguvu zaidi kuanza kusogea na kipimo kitakudanganya.

Rudisha kalipa juu ya pedi. Bolti zake mbili, kwa vidole kwanza, halafu Nm 34 kwa spana ndogo au mizani. Shika pini kwa spana nyembamba ili isizunguke. Pini ikizunguka, hukazi kitu. Hapa ndipo mkono wangu unapotaka kuongeza hadi leo. Ikilia kwa 34, moyo unasema bado. Nauachia useme.

Ukimaliza kila bolti, itie alama kwa kalamu ya rangi, mstari mmoja unaoanzia kwenye kichwa cha bolti na kuendelea kwenye chuma inachokalia. Mstari huo una kazi mbili. Unakuambia ipi umeshakaza, kwa sababu simu itaita katikati ya kazi, nakuhakikishia. Na wiki mbili baadaye ukichungulia, mstari uliokatika unakuonyesha bolti iliyogeuka.

Skrubu ya kutolea upepo, kama uliigusa, ni Nm 8 tu. Ina tundu katikati, kwa hiyo ni dhaifu kuliko unavyoiona. Kwa spana fupi, vidole viwili vinatosha.

Nati za tairi

Kabla ya kufunga, angalia nati zenyewe. Rimu za chuma zinatumia nati zenye pua ya koni, inayoingia kwenye tundu la koni. Rimu nyingi za sporti zilizokuja na Toyota kutoka kiwandani zinatumia nati yenye shingo na wosha bapa. Zinaingia kwenye stadi ileile, kwa hiyo ni rahisi kuzichanganya, hasa ukinunua rimu za mtumba zisizo na nati zake. Koni kwenye tundu bapa inagusa ukingo tu. Utakaza mpaka 103, spana italia, na tairi halijashikwa.

Tairi likiwa juu, ingiza nati zote kwa vidole, kisha zisogeze kwa spana mpaka rimu ikalie habu sawasawa. Shusha gari mpaka tairi liguse ardhi na lisizunguke. Sasa kaza kwa mpangilio: nati nne, kwa msalaba, nati tano, ruka moja kila mara, kama unachora nyota. Usiende kwa kuzunguka kama saa, rimu itakaa upande na diski itabanwa vibaya. Zungusha raundi mbili, ya kwanza kwa kama Nm 60, ya pili kwa 103. Baada ya hapo rudia nati zote mara moja uhakikishe kila moja inalia bila kusogea.

Maliza, rudisha mpini wa spana ya toki kwenye namba yake ya chini kabisa kabla ya kuiweka. Springi yake ikiachwa imebanwa inachoka, na mwaka ujao 103 yake haitakuwa 103.

Kabla hujaondoka

Kanyaga pedali ya breki mara kadhaa, gari likiwa limesimama, mpaka iwe ngumu. Uliposukuma pistoni ndani uliacha nafasi, na kanyago la kwanza litazama mpaka chini. Ni afadhali lizame uani kuliko getini. Angalia oili kwenye chupa, funga kifuniko.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeana na diski. Mimi naenda barabara ya Boma Ng'ombe asubuhi mapema, magari yakiwa machache: kutoka spidi 50 unashika breki taratibu mpaka 10, bila kusimama kabisa, unaachia zipoe nusu dakika, unarudia kama mara kumi. Usiende siku hiyohiyo kushuka na mzigo kutoka Marangu au Kibosho. Mteremko ule unapika breki zilizozoea, sembuse mpya. Watu wa Desemba mnisikie hapa: pedi ubadilishe kabla hujatoka Dar, au ukifika uipe gari siku moja ya tambarare kabla ya kupanda nayo nyumbani.

Kilomita 50 hadi 100 za kwanza ni za kukazia tena nati za tairi. Rimu zikiwa zimepoa, unaweka 103, unavuta kila nati kwa mpangilio uleule. Moshi kwenda Arusha ni kama kilomita 80, kwa hiyo safari moja inatosha. Mara ya mwisho nilikaza Pasua jioni, asubuhi nikaenda zangu Arusha, nikanywa chai Kijenge mpaka rimu zikapoa, nikatoa spana kwenye buti. Tairi la kulia, nati zote nne zililia bila kusogea. La kushoto, moja iligeuka upana wa kidole kabla ya kulia. Nikaichora mstari mpya, nikarudi Moshi.